Skii za mlima mzima kwa wanawake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuchagua kulingana na uwezo wako

Kila mwaka Oktoba inapoingia na vilele vya Colorado kuanza kuwa vyeupe, maswali ni yaleyale. Mengi hutoka kwa akina dada wanaoishi Denver, Calgary, Minneapolis au miji ya Uswisi na Austria: watoto wameshajifunza kuteleza na wenzao wa shule, baba naye kajitosa, na mama amechoka kubaki mgahawani akilinda mabegi. Majibu haya ni ya mtu anayeshinda dukani upande wa buti na vifungio, yaani vile vinavyoshika buti kwenye skii, kwa hiyo utaona nimeegemea huko.

"Mlima mzima" maana yake nini hasa?

Ni skii ya kupita kila mahali: asubuhi kwenye mteremko uliosawazishwa na mashine, mchana kwenye theluji iliyochimbuliwa na watu, alasiri pembeni kati ya miti. Kipimo kinachoitambulisha ni kiuno, yaani upana wa skii katikati, chini ya buti. Skii za slalomu, mbio za kukata kona kati ya milingoti, zina kiuno cha milimita 65 hivi. Zile za theluji nene huanzia kama 105 kwenda juu. Za mlima mzima kwa wanawake ziko kati ya 74 na 100. Kiuno chembamba huhama haraka kutoka makali ya upande mmoja hadi ya mwingine na hushika vizuri theluji ngumu. Kipana huelea kwenye theluji laini. Hakuna skii inayofanya yote mawili kwa ukamilifu, na muuzaji akikuapia kwamba anayo, msikilize mpaka mwisho kisha nenda duka la pili.

Nitajuaje niko kiwango gani? Nina misimu minne sasa, si nimeshakuwa wa kati?

Hesabu ya misimu haisemi mengi. Yupo aliyekwenda wikiendi moja kila mwaka, na yupo aliyekwenda kila Jumamosi kwa msimu mmoja tu na kumpita mbali. Angalia miguu yako inafanya nini.

Ikiwa bado unapunguza mwendo kwa kabari, yaani ncha za mbele zimekaribiana na mikia imetanuka, na lifti ya viti inakufanya useme dua kabla ya kushuka, wewe ni mwanzilishi, yaani ndiyo kwanza unaanza. Ikiwa unateremka mteremko wa buluu skii zikiwa sambamba, lakini kabari inarudi yenyewe mara tu panapokuwa na mwinamo mkali au barafu, wewe ni wa kati. Kundi hili ndilo kubwa kuliko yote na ndilo linalouziwa vibaya kuliko yote. Ukiwa unapita kwenye vichuguu vya theluji na miteremko myeusi huku ukichagua mwenyewe pa kukatia kona, badala ya mlima kukuchagulia, wewe ni wa juu.

Usitegemee rangi za miteremko peke yake. Amerika ya Kaskazini wana, kutoka rahisi hadi ngumu, duara la kijani, mraba wa buluu na almasi nyeusi. Ulaya wanaingiza nyekundu kati ya buluu na nyeusi. Zaidi ya hapo, kila mlima hujipima wenyewe kwa wenyewe, kwa hiyo buluu ya kilima cha Minnesota si buluu ya Breckenridge kule Colorado. Lakini msidharau vilima. Lindsey Vonn, bingwa wa Olimpiki wa skii, alijifunza mbio Buck Hill, kilima kidogo tu karibu na Minneapolis, ambako unafika chini kabla hujamaliza kufunga zipu. Dada aliyekulia mahali kama pale anaweza kuwa na kona kali kama wembe na bado hajawahi kuona theluji ya magotini. Uwezo wake kwenye theluji ngumu ni wa juu, kwenye theluji nene ni wa kati, na skii yake ichaguliwe kwa kujua hayo mawili.

Na jambo ambalo siachi kulisema: wanawake hujishusha. Wakija mume na mke, mume hujiandika "juu", mke hujiandika "mwanzilishi", halafu mlimani mke ndiye anayesubiri chini. Ukijishusha kwenye fomu, utapewa skii laini kupita kiasi, na utadhani kutetemeka kwake ni udhaifu wa miguu yako.

Ndiyo kwanza naanza. Ninunue skii zipi?

Usinunue. Kodi. Maduka mengi ya Marekani na Kanada hukodisha kwa msimu mzima, unachukua vuli na kurudisha majira ya kuchipua, na mengine hukuruhusu kubadilisha katikati uwezo wako ukipanda. Pesa yako ya kwanza iende kwenye buti.

Sawa, lakini nimeamua kununua, na bado natumia kabari.

Basi tafuta kiuno cha 74 hadi 82, skii laini isiyo na metali ndani, nusukipenyo cha kona (kadiri kilivyo kidogo ndivyo skii inavyokata kona fupi) kati ya mita 11 na 13, na urefu unaofika kati ya kidevu na pua ukiisimamisha mbele yako. Ulaini una kazi yake. Skii inakata kona kwa sababu imejipinda, na ili ijipinde inahitaji uzito na mwendo. Mwanzilishi hana mwendo, kwa hiyo skii ngumu inabaki imenyooka kama ubao na kumpeleka inakotaka yenyewe. Jaribu dukani: shika ncha kwa mkono mmoja, mkia uwe sakafuni, sukuma katikati kwa kiganja. Ikijipinda bila wewe kuuma meno, inakufaa. Rossignol, Head na Atomic wote wanazo za aina hii, mara nyingi zikiuzwa pamoja na vifungio vyake, jambo linalopunguza bei.

Ujue tu kwamba ukiwa na bidii utaichoka mapema.

Mimi ni wa kati. Kwa nini kila mtu ananipa jibu tofauti?

Kwa sababu wa kati ni wengi na hawafanani. Swali la kukuuliza ni moja: siku zako nyingi za mlimani zinakuwaje? Usiniambie ile siku moja ya ndoto, theluji inaanguka na jua linawaka kwa wakati mmoja. Kama una watoto wadogo na mnazunguka kwenye miteremko ya buluu iliyosawazishwa, kiuno cha 80 hadi 86 kitakutosha na kukufurahisha. Kama umeanza kuchungulia pembeni, nenda 86 hadi 92.

Urefu uwe kati ya pua na nyusi, nusukipenyo mita 13 hadi 15. Kuhusu ugumu, chukua skii inayokuzidi kidogo. Kidogo, si sana. Skii inayokuzidi kidogo itakufunza. Ile iliyo chini yako itaanza kupigapiga ncha theluji ukifikisha mwendo wa kawaida tu, nawe utafunga breki bila kujua kwa nini. Skii fupi mno hufanya hivyohivyo, na zaidi ya hapo inakuyumbisha mbele na nyuma kwa sababu haina mwili wa kutosha kukubeba. Akina mama wengi wanaoniambia "naogopa mwendo" wamepanda skii za kitoto.

Kwa mifano: Blizzard Black Pearl yenye kiuno cha 88 imekaa miaka mingi miongoni mwa skii zinazouzwa sana Marekani, na sababu ni kwamba haina hila, inasamehe makosa lakini haikati tamaa ukiongeza mwendo. Elan Ripstick ya wanawake ni nyepesi zaidi, na ina skii ya kushoto na ya kulia kama viatu, kwa hiyo tazama alama kabla hujapanda lifti. Usinunue kabla ya kuijaribu ikiwa unaweza: Novemba na Desemba vituo vingi huwa na siku za majaribio ambapo kampuni huleta skii zao na unabadilisha jozi baada ya jozi.

Nimefika juu. Metali ni lazima?

Si lazima, ila ijue kazi yake. Karatasi ya titanali, ambayo ni aloi ya aluminiamu, ikilazwa juu na chini ya kiini cha mbao hunyamazisha mtetemo. Kwenye theluji iliyogandishwa usiku na kuchimbuliwa asubuhi, skii yenye metali hupita moja kwa moja pale ambapo nyepesi inarukaruka. Gharama yake ni uzito na ukali wa tabia: ukikaa nyuma ukiwa umechoka saa tisa alasiri, haitakuhurumia. Völkl Secret na Nordica Santa Ana ni za kundi hili, na zina kaka zao upande wa wanaume, Mantra na Enforcer. Kiuno 88 hadi 100, urefu kutoka paji la uso hadi utosini.

Anayependa vichuguu na miti kuliko mwendo aangalie skii yenye metali kidogo, au isiyo nayo kabisa. Kuwa wa juu hakumaanishi kupenda chuma.

Skii za wanawake ni tofauti kweli, au ni rangi tu?

Zote mbili zipo. Nyingine ni za kiume zilizofupishwa na kupakwa maua. Nyingine zina kiini chepesi zaidi, ugumu uliopunguzwa kulingana na urefu, na alama ya kufungia buti iliyosogezwa mbele. Hilo la mwisho lina historia. Mmarekani Jeannie Thoren alilipigia kelele kwa miongo: uzito wa mwanamke hukaa chini na nyuma zaidi kuliko wa mwanamume, kwa hiyo akifungiwa mahali palepale anajikuta amekalia mikia ya skii. Alishauri vifungio visogezwe mbele na kisigino kiinuliwe ndani ya buti. Wakati huo wengi walimwona msumbufu. Leo alama ya mbele ni jambo la kawaida.

Maoni yangu: lebo isikufunge. Ukiwa mrefu, mwenye mwili na nguvu, skii ya kiume inaweza kukufaa zaidi, kwa sababu za kike nyingi huishia urefu wa sentimita 170 na kitu. Na ukiwa mwembamba mwenye kasi, usikubali kupewa laini eti kwa sababu tu ni mwanamke.

Kando kidogo: ipo Coalition Snow, kampuni ndogo ya wanawake kutoka eneo la Ziwa Tahoe, inayokataa kabisa dhana kwamba skii ya mwanamke lazima iwe dhaifu. Aliyeiunda, Jen Gurecki, ndiye pia aliyeanzisha Zawadisha, shirika linalokopesha wanawake wa vijijini Kenya.

Mimi ni mfupi lakini si mwepesi. Chati ya urefu inanichanganya.

Fuata uzito kwanza. Skii haioni kichwa chako kiko wapi, inahisi kilo. Ukiwa na sentimita 155 na kilo 80, usipewe skii ya sentimita 144 kwa sababu inakufika puani. Panda hatua moja, labda mbili. Mwepesi naye ashuke hatua moja. Na skii ikiwa na roka kubwa mbele, ongeza sentimita tano au zaidi, maana sehemu ya ncha haigusi theluji.

Roka ndiyo nini tena?

Chukua jozi, zigusanishe matumbo kwa matumbo, utazame kwa pembeni. Mahali zinapoachana kabla ya kufika nchani ni roka: ncha imeinuka mapema. Pale katikati penye uwazi ni upinde, unaobanwa ukisimama juu yake na kusukuma makali yaingie theluji. Skii nyingi za leo za mlima mzima zina roka mbele, upinde chini ya mguu, na mkia ulioinuka kidogo au bapa. Mwanzilishi na wa kati wanufaike na roka ya mbele, inarahisisha kuanza kona. Roka kubwa pia nyuma ni ya watu wa theluji nene.

Ninakoishi kunabadilisha chochote?

Kunabadilisha sana, wakati mwingine kuliko uwezo wako. Vermont na New Hampshire theluji huyeyuka na kuganda tena. Wenyeji wanaiita ngumu, mimi naiita barafu. Huko kiuno cha 80 hadi 88 na makali yaliyonolewa ni bora kuliko skii pana ya picha za matangazo. Colorado na Utah theluji ni kavu na nyepesi, 88 hadi 96 inaeleweka. Milima ya Alps watu wengi hukaa kwenye njia zilizosawazishwa, hivyo hata walio juu huteleza na 80 na kitu bila kujisikia wanyonge.

Walioko Dubai huuliza pia. Ski Dubai, ndani ya Mall of the Emirates, ilifunguliwa mwaka 2005 na mteremko wake mrefu una mita 400. Tiketi ya mteremko inakuja na skii, buti na mavazi ya baridi. Jifunze kabari pale, ufike kona sambamba pale, wala usinunue kitu. Ukipanga safari ya Alps, kodi ukifika.

Binti yangu kamwona Sabrina Simader na anataka skii kama zake.

Simader alizaliwa Kilifi, akakulia Austria, na mwaka 2018 aliteleza kwa ajili ya Kenya kwenye Olimpiki ya PyeongChang, katika slalomu kubwa na super-G, mbio za mwendo mkali zaidi kuliko slalomu ya kawaida. Hongera kwa binti kwa kuchagua wa kumtazama. Lakini skii ya slalomu kubwa ya mashindano ya ngazi ile ina nusukipenyo cha mita 30, mara mbili na zaidi ya ile tuliyotaja kwa wa kati, na haipindi mpaka uwe kwenye mwendo ambao mama mtu hatapenda kuushuhudia. Mtafutie klabu ya mbio kwanza. Makocha watamwambia ya kununua.

Umesema buti kwanza. Kwa nini?

Kwa sababu skii inatii buti, na buti inatii mguu pale tu inapoushika. Mtu akija na skii za dola 800 na buti iliyolegea, kisigino kinapanda na kushuka ndani kila kona, na nguvu yote inaishia kwenye sponji.

Kipimo tunachofanya ni hiki. Tunatoa kitambaa chote cha ndani, libaki ganda tupu la plastiki. Unaingiza mguu bila soksi nene, vidole viguse mbele kidogo, unapiga goti, nami natia vidole vyangu nyuma ya kisigino chako. Vikiingia viwili kwa kubana, sawa. Kimoja na nusu, ni kwa aliye juu na anayevumilia. Vikiingia vitatu, hiyo buti si yako hata kama unaisikia tamu kama kandambili. Kinachowaponza wengi ni kwamba buti sahihi dukani huonekana ndogo. Vidole vinagusa ukisimama wima, vinaachia ukipiga goti mbele. Ipe dakika 15 miguuni. Soksi ni moja, nyembamba, ya kufika chini ya goti. Soksi mbili huleta malengelenge na baridi.

Ugumu wa buti kwa wanawake: 60 hadi 75 kwa mwanzilishi, 80 hadi 95 kwa wa kati, 100 na zaidi kwa wa juu. Namba hizi hazina mizani moja kati ya kampuni na kampuni, kwa hiyo zichukue kama mwongozo. Mwenye shavu la mguu lililojaa aseme mapema, kwani shingo nyingi za buti hurekebishika.

Mume wangu ana bisibisi na kaona video. Anirekebishie vifungio?

Shemeji asamehe, ila hapana. Ile namba ndogo kwenye dirisha la kifungio inaamua buti iachie lini. Inapatikana kwa jedwali: uzito, urefu, umri, urefu wa soli ya buti kwa milimita, na aina ya utelezaji wako, I kwa mwenye tahadhari, II wa kawaida, III mwenye kasi na fujo. Ukivuka miaka 50 namba hushushwa. Ikiwa juu mno, skii haiachii ukianguka na mguu ndio unaokunjika. Ikiwa chini mno, inaachia katikati ya kona. Baada ya kuweka namba, kuna pia msukumo wa mbele wa kifungio cha kisigino, ambao video nyingi huuruka, na mashine ya kupima kama kweli kinaachia kwa nguvu iliyotajwa. Nami naongeza: hata kikiwekwa sawasawa, kifungio kinalinda mfupa wa muundi zaidi kuliko goti, na kano za goti za wanawake huumia mara nyingi zaidi kuliko za wanaume. Fanya mazoezi ya mapaja kabla ya Desemba.

Kwa kununua: wanawake wengi wanatosha na kifungio cha namba 3 hadi 10 au 3 hadi 11. Breki yake iwe pana kuliko kiuno cha skii kwa milimita zisizozidi 15 hivi.

Na mitumba?

Mitumba ni mizuri ukiwa na macho. Skii mpya bila vifungio ni kama dola 500 hadi 850 Marekani. Za msimu uliopita hushuka sana kuanzia Machi, na hizo ndizo ningekushauri kwanza. Ukienda kwa za mkononi, pitisha ukucha kwenye makali kuona kama yamepasuka au yameachana na mwili wa skii, kisha geuza utazame tumbo: mikwaruzo hujazwa, lakini shimo linaloonyesha mbao au kiini ni hasara. Tazama juu matundu yaliyozibwa, yaliyokuwa ya skrubu za vifungio. Jozi iliyotobolewa mara mbili bado inakubalika; mara ya tatu nafasi ya skrubu inakuwa finyu.

La hatari zaidi ni vifungio vya zamani. Kila kampuni hutoa orodha ya vifungio ambavyo bado inavidhamini, na kisipokuwemo, duka la halali halitakigusa, hata ukilia. Vivyo hivyo soli: buti nyingi mpya zina soli ya GripWalk, iliyopinda kidogo ili kutembea kuwe rahisi, na kifungio cha zamani kisichotengenezwa kwa ajili yake hakitaishika salama. Kabla ya kutoa pesa, piga picha ya kifungio na ya soli ya buti yako, zipeleke dukani. Kuuliza ni bure.

Fimbo je?

Igeuze kichwa chini, ishike chini ya kile kisahani. Kiwiko kikikaa pembe mraba, ndiyo urefu wako. Chukua za bei ya chini, utazisahau kwenye lifti.